Mpungate Ulioungua Mabela

Mpungate ule niliununua kwenye kitalu cha miche hapa Mabela, mviringo kama chungu, miiba yake rangi ya dhahabu. Mama yangu, niliyemleta huku Muscat kutoka Unguja baba alipofariki, aliuzunguka kwanza, kisha akauliza kama anavyoulizwa yeye kwenye kila harusi ya huku: "Huyu wa kina nani?"

Nikafungua simu, maana bila simu mimi sijui kitu. Nikamsomea kwamba wataalamu waliuweka kwenye ukoo mmoja, baadaye wakaona wamekosea, wakauhamishia ukoo mwingine na kuupa jina jipya.

"Hata miti wanaigombania nasaba," mama akacheka.

Nikaupandisha juu ya paa, jua la Juni likiupiga. Kila asubuhi mama ananambia, "Mtie kivulini, mwanangu, anaungua." Nami namjibu kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, sauti ninayoionea haya hadi leo: "Mama, huyo wa jangwani. Hapa ndipo kwao."

Mwezi haukuisha, ubavu mmoja ukapauka, ukakauka kama ukoko. Hapo ndipo nikasoma sehemu niliyoiruka. Kwao ni Meksiko, kwenye miteremko ya mabonde, na mvua huupata wakati wa joto, si kama huku. Sehemu ya makao yake ya asili ilizamishwa na bwawa. Na ngozi yake ikishaungua, hairudi.

Nilipomweleza mama, alikuwa akikata bamia. Hakuinua macho.

"Na mie mlinambia hivyo hivyo. Babu yako katoka huku, basi hapa ndo kwetu, ntazoea. Tangu nije nnakaa ndani na kiyoyozi, jirani simjui. Nirejeshe nyumbani, mwanangu."

"Inshaallah, mama."

Neno zuri, nami nimeligeuza kufuli. Ukweli ni kwamba nilimtaka kwa ajili yangu: nitoke kazini nikute mchuzi wa nazi jikoni na mtu wa kuniuliza mbona nimechelewa. Nyumba hii bila yeye naiogopa.

Mpungate nikaushusha barazani, upande ulioungua nikauelekeza ukutani. Kesho yake, nilipotoka kazini, nikakuta umegeuzwa, kovu linatazama mlango. Mama ameketi kando yake, tasbihi mkononi.

Nikaingia chumbani, nikafungua simu, nikamtafutia mama tiketi ya Unguja. Ikaniuliza kama ni ya kwenda na kurudi. Nikabonyeza kwenda tu, huku nalia.