Wimbo wa Kunywesha Ngamia, Hadado

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, saksafoni ilikataa kulia. Nilipuliza hadi mashavu yakaniuma, ikatoa mlio wa mbuzi aliyekabwa. Mkuu wa Bendi, Mkamba mmoja aliyepiga sare yake pasi kila asubuhi, alinitazama kwa huruma.

"Kijana, hapa si Nairobi. Loweka ridi kwanza."

Ridi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetema mdomoni ukipuliza. Joto la kule hukikausha kikapinda. Tangu siku hiyo nilizifunga zangu kwenye kitambaa chenye majimaji.

Tulikuwa bendi ndogo ya askari. Kazi yetu ilikuwa kupokea wageni: wimbo wa taifa, machi mbili tatu za gwaride, basi. Lakini mimi roho yangu ilikuwa kwa jazi. Jazi, enyi vijana mnaobonyeza simu mkasema mmetunga wimbo, ni kuushika wimbo, kuuacha njiani, kubuni wako papo hapo, kisha kurudi pale ulipouacha. Mkuu hakutaka kuisikia. "Noti zilizoandikwa zinatosha," alisema.

Baada ya kupiga Liboi, mpakani, tukapelekwa Hadado, huko Wajir, kujiandaa kwa uzinduzi wa kisima kipya cha mashine. Karibu na kambi yetu wafugaji walikuwa wakinywesha ngamia kwenye visima vya zamani huku wakiimba. Haki ya Mungu, nilipagawa! Asubuhi moja nikaenda nyuma ya mahema nikaupiga wimbo ule kwa mtindo wangu wa jazi. Sijamaliza, nikaona vumbi. Ngamia walikuwa wanakuja mbio, na nyuma yao mwenyewe, Mzee Abdi, fimbo mkononi.

"Warya! Wewe naita ngamia, maji iko wapi?"

"Samahani, mzee. Ni muziki tu."

"Muziki gani? Hii wimbo nasema maji iko! Leo wewe nadanganya yeye, kesho mimi naita, yeye nakataa kuja."

Ngamia walinizunguka, wananitazama. Niliona haya hadi masikioni. Mzee alipopoa tuliketi, akanifundisha wimbo mzima, na sharti lake: hauimbwi ila maji yakiwapo.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alifika, viti vikajaa. Mtambo ukawashwa, ukakohoa, ukazima. Fundi akaingia chini yake. Mgeni akawa anatazama saa. Mkuu wa Bendi akaninong'oneza, "Ule wimbo wako. Piga, ngamia waje horini wapigwe picha."

"Hori ni kavu, afande."

"Picha haitaonyesha ndani. Piga, au nakunyang'anya hiyo saksafoni na bendi uisahau."

Saksafoni ilikuwa ya serikali, na mimi sikuwa na nyingine. Bila ile sikuwa mwanamuziki, nilikuwa askari wa kulinda lango. Ng'ambo ya uwanja Mzee Abdi alikuwa amesimama mbele ya ngamia wake wenye kiu, macho kwenye vidole vyangu.

"Siwezi, afande. Nitakuwa nimewadanganya."

Mkuu akanyoosha mkono. Nikaivua shingoni nikampa. Wakapiga wimbo wa taifa bila mimi. Mgeni akakata utepe, akapanda gari, msafara ukaondoka.

Nilikaa kwenye sanduku la ngoma nikiwaza lango. Alasiri fundi akapiga kelele, mtambo ukanguruma, bomba likatapika matope, halafu maji. Maji meupe! Nilicheka, na machozi yakanitoka. Mkuu wa Bendi akaenda horini polepole, akatumbukiza mkono wote majini, na ule mkono wa shati alioupiga pasi. Akarudi unamchuruzika, akanivisha saksafoni mwenyewe.

"Sasa piga. Na hiyo jazi yako pia, kama ni lazima."

Nikapiga. Ngamia wakaja, wakainamisha shingo, wakanywa. Mzee Abdi akaimba juu ya sauti yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike kaskazini nilijiona niko nyumbani.

Sasa nimestaafu, nina saksafoni yangu mwenyewe, na moyo wangu umetulia. Vijana huja kuniuliza siri ya kubuni. Nawaambia waloweke ridi. Halafu, kabla hawajapuliza, nawauliza kama nilivyoulizwa: maji iko wapi?