Kahawa Niliyomwibia Bibi

Kahawa ya kutafuna inapochemka haina ile harufu ambayo watu wa mbali huijua kutoka kwenye kikombe. Inanukia majani mabichi na moshi, na asiyeizoea anaweza kudhani kuna mboga iliyosahaulika jikoni. Kwetu Buganguzi harufu hiyo ndiyo iliyotuambia kwamba msimu umefika. Bibi alichuma matunda kabla hayajaiva sana, akayatia chunguni pamoja na majani fulani aliyoyajua mwenyewe, akayachemsha mpaka msonge mzima ukajaa mvuke. Kisha aliyaanika juani siku kadhaa, na mwisho akayafunga katika vifurushi vya maganda makavu ya mgomba. Mgeni akiingia, hata kabla hajaulizwa habari za watoto, alipewa kahawa atafune. Mimi niliipenda kupita kiasi, na ni afadhali nikiri mapema nisije nikaonekana mwema: nilikuwa mtoto mchoyo. Mgeni akinyoosha mkono kuchukua tunda la pili, nilimkodolea macho mpaka mama akanifinya.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa na miaka tisa. Jumapili moja katekista wetu alirudi kutoka Bukoba na habari za Nyamwiza, ndugu pekee wa Bibi aliyekuwa bado hai. Nyamwiza aliolewa mjini na fundi cherehani Mwislamu, na huko watu walimwita Mama Saidi. Sasa mumewe alikuwa amefariki, na Saidi, mwanawe aliyefanya kazi ya reli, alikuwa amekuja kumchukua wakaishi wote Tabora. Wangeondoka kwa meli Jumatano alasiri. Ndugu hao wawili hawakuwa wameonana tangu walipomzika mama yao, kabla mimi sijazaliwa, na ingawa hakuna aliyelitamka, wote pale nyumbani tulijua kwamba mwanamke wa umri ule akishafika Tabora harudi tena. Bibi hakulia. Aliingia ndani akatoka na kifurushi kimoja cha kahawa, kidogo kama ngumi yake, cha matunda ya ule mti wa nyuma ya jiko uliopandwa na baba yao. Akasema, “Hii ni ya Nyamwiza. Atatafuna, atakumbuka kwao.” Baba na mama walikuwa katikati ya mavuno. Nyonga ya Bibi ilikuwa mbovu, na Kiswahili chake kiliishia kwenye “jambo”, kwa hiyo nikapewa kikapu na kazi ya kumsindikiza. Nilijiona balozi.

Tuliondoka Jumanne kukipambazuka. Bibi alitembea kwa fimbo, akisimama kumsalimia kila aliyepita, na salamu za Kihaya hazikatishwi njiani kama muwa. Jua lilipofika utosini tulikuwa bado tunaviona vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya majirani zetu. Nilianza kuhesabu vilima vilivyobaki na kununa. Ndipo akatokea bwana mmoja mwenye baiskeli, amefunga mkungu wa ndizi nyuma. Hatukumjua wala hakutujua. Alimtazama Bibi, akaitazama ile fimbo, akaushusha mkungu wake na kuuficha kwenye majani ya kando ya barabara. “Panda, waitu,” alisema, kwa neno letu la heshima. “Ndizi hazina miguu, zitaningoja.” Bibi hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Alikaa ubavu, akafumba macho, akamshika yule bwana kiunoni kwa mkono mmoja na rozari kwa mkono wa pili, na nadhani mpaka Muleba alimaliza mafungu yote matano na kuyarudia. Mimi niliwakimbilia kwa nyuma nikicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Pale Muleba ndipo msiba wangu ulipoanza. Bibi alishuka, akanyoosha gauni, akakifungua kile kifurushi na kumpa bwana wa baiskeli matunda manne. Manne! Nilimnong'oneza kwamba hiyo ni ya Nyamwiza. Aliniambia kwamba aliyekubeba humwachi aende na mdomo mtupu. Jioni hiyo mwanamke aitwaye Ma Paskazia, aliyetukuta tumekaa kando ya barabara, alituingiza kwake bila kuuliza tumetoka wapi. Alitandaza nyasi mbichi sakafuni, akamkanda Bibi nyonga kwa maji ya moto, akatupa ndizi na maharage mpaka nikashindwa kuinama. Kulipokucha alitufungia jogoo mzima, akamkasirikia Bibi karibu wagombane alipojaribu kumkataa. Bibi naye akafungua kifurushi. Ma Paskazia alipata, mumewe akapata, na mama mkwe wake aliyekuwa kitandani akapelekewa kitandani.

Hapo nikaamua kuwa mwizi. Bibi alipokuwa akiagana, niliingiza vidole ndani ya kifurushi nikachomoa matunda, nikayafunga fundo kwenye upindo wa gauni langu. Sikuyaiba ili niyale. Niliyaiba ili kuyaokoa na ukarimu wa Bibi, nikijiambia kwamba kama si mimi, Nyamwiza atapelekewa maganda ya mgomba. Lakini sitaki kudanganya. Tunda moja nilikuwa nimelikusudia mwenyewe.

Lori la kahawa lilitupakia asubuhi hiyo ya Jumatano. Dereva alimtoa utingo wake mbele, akamweka Bibi kwenye kiti chake, na mimi nikapanda juu ya magunia pamoja na jogoo. Tungefika mjini mapema kabisa, ila kule Muhutwe tairi likapasuka, na la akiba nalo likaonekana halina upepo. Jua lilipanda. Dereva alitoa jasho, akatukana tairi kwa lugha tatu. Bibi alikaa chini ya mgomba akiitazama barabara, akiuliza kila mara kama meli huondoka kabla au baada ya adhana ya alasiri, na kila mara nilimjibu “baada” ingawa sikujua. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwamba mtu mzima naye anaweza kuogopa. Wanawake wa nyumba za karibu walitoka wakamkuta hivyo, wakaenda, wakarudi na nanasi, na samaki wadogo wakavu, furu, waliotoka kisiwa cha Bumbire, na maji kwenye kibuyu, na mmoja akakaa naye akimsimulia habari za binti zake mpaka tairi likazibwa. Unajua kilichofuata. Kifurushi kilifunguliwa tena, na kila mmoja akatafuna, hata dereva na utingo wake.

Tuliingia Bukoba meli ikipiga honi. Lori liliishia ghalani, na kutoka hapo hadi gatini palikuwa na mwendo ambao nyonga ya Bibi isingeuweza. Nilisimama katikati ya barabara na kikapu, nanasi, furu na jogoo anayepiga kelele, nikaanza kulia kwa sauti. Mzee mmoja mwenye kanzu na kofia iliyodariziwa alikuwa akisukuma mkokoteni uliojaa mbao. Aliniuliza kisa cha kilio. Nikamweleza kwa Kiswahili changu cha shule, vitenzi vikipishana, na nilipotaja jina la Mama Saidi aliachia mikono ya mkokoteni.

“Mama Saidi wa fundi cherehani? Mume wake ndiye aliyenishonea kanzu ya harusi! Mpandishe bibi yako, upesi!”

Alimwaga mbao zake pale pale. Jina lake lilikuwa Mzee Athumani, na kwa umri hakupishana sana na Bibi, lakini alisukuma huku akipaza sauti watu wapishe. Bibi alikaa juu ya mkokoteni na jogoo mapajani, akimsalimia kila mtu kwa Kihaya. Katikati ya mbio hizo aliniambia nimpe yule mzee kahawa. Nikamtafsiria Mzee Athumani kwamba Bibi anasema ahsante sana. Bibi alinitazama, akaelewa, akanyoosha mkono mwenyewe na kumtilia mzee wa watu kahawa mdomoni akiwa anakimbia.

Tulimkuta Nyamwiza mguu mmoja uko kwenye ngazi ya meli. Mzee Athumani aliita, “Mama Saidi! Ngoja! Umeletewa dada yako!” Sitaweza kuandika jinsi wanawake wawili wazee walivyoshikana pale gatini. Walipapasana nyuso, kama wanaotafuta wasichana waliowaacha. Karani wa meli, kijana aliyevaa kaptula nyeupe, alitazama saa yake, akatutazama, kisha akaanza kuitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Aliitafuta muda mrefu sana.

Ndipo Bibi akatoa kifurushi. Alikifungua, akakipapasa, akakigeuza juu chini. Lilianguka vumbi tu. Uso wake siku hiyo sijausahau. Alikuwa kama mtoto aliyevunja mtungi. Alisema taratibu, “Nilikuletea ya mti wa baba. Watu walikuwa wema mno njiani.” Mimi nilikwisha kuinama. Fundo lilinigomea, nikalifungua kwa meno, nikamwekea Nyamwiza matunda saba kiganjani. Bibi alishangaa, halafu akacheka mpaka akashika nyonga. “Kumbe siku mbili nasafiri na mwizi!”

Nyamwiza aliyanusa akafumba macho. “Ya nyuma ya jiko,” alisema. Na kitu cha kwanza alichofanya, Mungu wangu, ni kumpa Mzee Athumani tunda moja. La pili alimpa kuli aliyembebea sanduku, la tatu karani wa kalamu, la nne Saidi. Nilitaka kupiga yowe. La tano alinipa mimi, akasema la mwizi wetu. Moja alilifunga kwenye pindo la kanga yake, la Tabora. La mwisho alilipasua kwa ukucha, kwa maana kila tunda la kahawa lina punje mbili ndani, akampa Bibi moja na kutia nyingine mdomoni. Walitafuna wakitazamana. Jogoo, nanasi na furu vyote viliingia melini naye, vikawa chakula chake cha safari. Hawakuonana tena. Nyamwiza alifia Tabora, na Bibi alipopata habari alikwenda kukaa nyuma ya jiko siku nzima.

Sasa nimempita Bibi umri aliokuwa nao siku ile. Kutoka Muleba hadi Bukoba ni lami, na safari iliyotutoa jasho siku mbili naimaliza kabla sijasinzia vizuri. Watu wa rika langu husema wema umekwisha, vijana wanatazama simu tu. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo mpaka mwaka jana, nilipoteremka stendi ya Bukoba na mguu ukagoma. Kijana nisiyemjua alichukua mzigo wangu, akanishika mkono, akanifikisha hadi mlangoni nilikokuwa nikienda, simu yake ikiita mfukoni bila kuipokea. Nilimpa tunda moja la kahawa. Akauliza ni nini, akatafuna punje moja, akakunja uso kwa uchungu, kisha akaiweka ile ya pili kwenye mfuko wa shati.

“Hii nitampelekea bibi yangu, kule kijijini Ngenge,” alisema. “Hana meno, lakini ataimumunya.”

Nina tabia isiyonitoka: kila safari naficha matunda machache kwenye upindo wa kitenge, na sijui namfichia nani, maana Bibi hayupo, wala Nyamwiza. Nikainama, nikalifungua fundo kwa meno machache niliyonayo, nikampa yote.