Seremala Mwonja Siga

Mtaani walimwita Kimya, na hakuwahi kulikataa jina hilo, maana kulikataa kungemlazimu kuzungumza. Alikuwa seremala. Alitengeneza makasha ya mwerezi ya kuhifadhia siga, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliziuza dukani kwake kwa watu wenye nafasi.

Kila aina mpya ilipoingia, shemeji alimpa moja. Jumamosi mchana Kimya aliketi mlangoni pa karakana, mbali na maranda, akaivuta taratibu kwa saa nzima bila kumeza moshi. Kisha aliandika kwenye kadi: "Hii inaanza kwa ukali kama mama mkwe, halafu inalainika. Katikati ina ladha ya kahawa. Jivu lake halidondoki ovyo. Usiivute ukiwa na haraka." Kadi ilibandikwa dukani, na wateja walikuwa hawanunui kabla ya kuisoma.

"Seremala na siga, wapi na wapi!" mkewe alimtania. "Lini utaniandikia mimi kadi kama hiyo?"

"Wewe hutoshi kwenye kadi," alijibu, na juma hilo hakusema zaidi ya hapo.

Halafu shemeji akachoka kungoja makasha. Kimya alitengeneza matatu kwa juma, na kila pembe aliipiga msasa kama vile itakaguliwa na daktari. Shemeji akanunua kwingine makasha yaliyong'aa kama kioo, akapanga humo siga za bei mbaya.

Mwezi ulipopita, Kimya aliletewa moja aionje. Hakufikisha mvuto wa tatu. Mdomo ulijaa uchungu, kama aliyelamba ubao mbichi. Alikwenda dukani, akanusa kasha, akalikwaruza chini kwa ukucha. Chini ya rangi ulikuwa msonobari. Mti huo hutoa utomvu, na siga hunyonya kila harufu inayolala nayo. Akaandika: "Tumbaku ni nzuri, kasha limeiharibu. Msinunue." Shemeji aliisoma, akaitia mfukoni.

Jumamosi iliyofuata Kimya aliikuta ukutani kadi nyingine. "Tamu kama asali! Haijapata kutokea!" Chini yake limeandikwa jina lake.

Mbele ya kadi alisimama mwalimu mmoja aliyestaafu juma hilo hilo, ameshika siga ya kasha jipya. "Nimekuja kujipongeza, fundi," alisema. "Kwa neno lako, sibahatishi."

Masikio ya Kimya yakawaka moto. Wateja wengine watano walikuwa wakimtazama. Angeweza kugeuka arudi zake karakana, na miguu ilikwishaanza. Lakini jina lilikuwa lake, na mwalimu yule hangestaafu mara mbili.

Akaibandua kadi, akaichana.

"We shemeji, umechanganyikiwa?" mwenye duka aliruka.

"Sikuiandika mimi." Sauti ilimtoka nyembamba, akaikaza. "Mwalimu, rudisha hiyo. Imenyonya utomvu."

"Jamani msimsikilize! Ana wivu kwa sababu makasha si yake!"

"Basi makasha usinunue kwangu. Nunua kwa fundi yeyote umtakaye, ila uwe mwerezi. Hizi nimezionja, zimeharibika."

"Nani kakuuliza? Darasa la saba wewe, unajifanya bingwa wa siga!"

"La saba ndiyo. Mdomo haukusomea."

Mtu mmoja akaangua kicheko. Mwalimu akainusa siga yake upande mmoja, akainusa upande wa pili, akakunja uso, akairudisha kwenye kasha. "Ya kasha la zamani ipo?" aliuliza.

Kimya akachukua kadi tupu mezani na kalamu ya shemeji mwenyewe, akaandika upya yale yale ya mwanzo, kwa herufi kubwa. Akaibandika palepale.

"Nimemaliza na wewe," shemeji alifoka, shingo imemvimba. "Kesho nisikuone hapa!"

"Kesho Jumapili, shemeji, umefunga," Kimya alisema. "Nitakuja Jumatatu. Na nikiikuta imebanduliwa, nitaandika nyingine niibandike mlangoni kwa nje."