Soksi Ndani ya Mpira

Mama yangu ni mfinyanzi. Alizaliwa ufukweni mwa ziwa, kwa Wakisi, watu wa vyungu, akaolewa huku Ngana na kuendelea kufinyanga vyungu mpaka vifundo vya vidole vilipoanza kuvimba. Daktari akamwambia aache udongo. Ndipo dada mmoja mwenye duka la watalii kule Matema akampa kazi ya kujaribu: kuviringisha manyoya ya kondoo kwa maji ya moto na sabuni hadi yashikamane kuwa mpira, mkubwa kama chungwa, usio na mkunjo hata mmoja. Manyoya yenyewe dada huyo alikuwa anayaleta kutoka Makete.

"Mipira hiyo ni ya nini?" nilimuuliza Mama.

"Inawekwa kwenye mashine ya kukaushia nguo, zikauke upesi."

Niliitazama kamba yetu ya nguo juani. Sikuelewa. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, na mambo mengi sikuyaelewa.

Dada alisema angerudi Jumamosi. Mama akishindwa, kazi ingekwenda kwa mwingine. Akashindwa siku nne mfululizo. Kila mpira ulitoka na mikunjo kama kisigino kilichopasuka. Nilisoma kwenye simu kwamba mwanzoni mkono uwe mwepesi sana, nikamwambia.

"Mikono yangu haijui kugusa bila kuminya," alisema. "Haya, msomi, tuoneshe wewe."

Wangu nao ukatoka na mikunjo. Mama alipokwenda kuchota maji, nilikunja soksi, nikaifunga kwa uzi ikawa duara gumu, nikaizungushia manyoya kidogo. Ukatoka laini kama yai. Nilijiuliza kosa liko wapi. Ndani hakuna anayeona.

Mama aliugeuzageuza mpira ule. "Ndaga, mwanangu," alishukuru kwa Kinyakyusa. Kisha akauweka mbele yake uwe mfano. Kutwa nzima alikuwa akiuangalia, anaviringisha, anautupa wake. Jioni vidole havikukunjika tena. Akaviangalia na kusema, bila kulalamika, "Basi, hivi navyo vimekwisha."

Nikamwambia.

Alichukua wembe, akaupasua mpira. Soksi yangu ya kijivu ikachungulia.

"Umeifua?"

"Nimeifua."

"Miaka yote nauza vyungu, hakuna aliyewahi kuniuliza ndani kuna nini." Sikujua ananisamehe au ananisema. Nikajitetea kwamba mashine haiwezi kujua tofauti, na kwamba angeweza kutengeneza yote hivyo bila kuumia.

"Kesho kaa hapa, unishike mikono," alisema. "Nikiminya, sema."

Asubuhi nikamshika vifundo vya mikono, akaviringisha. "Unaminya." Akalegeza. "Unaminya tena." "Kelele, nimesikia." Tulitoa mpira mmoja tu, wenye mkunjo mdogo upande mmoja.

Jumamosi dada aliupitishia kidole, akafika kwenye mkunjo, akasimama hapo.

"Huu umetengenezwa na nani?"

"Mimi," alisema Mama.

Dada akafungua begi, akatuachia furushi jingine la manyoya.

Ule uliopasuliwa ninao mpaka leo, soksi ikiwa ndani. Kila nikiushika najaribu kumwelewa Mama, maana bado sioni mashine ile ingejuaje kilichomo ndani.