Moyo wa Papa

Dawa anayonipaka muuguzi kifuani ni ya baridi na inateleza. Anabandika nyaya za mashine, ananiambia moyo una umeme wake wenyewe, haungoji kuamrishwa. Hilo nilishaliona zamani, uani kwa bibi, karibu na Palma, pwani ya kaskazini ya Msumbiji.

Bibi alikuwa anampasua papa ili amtie chumvi. Akauchomoa moyo, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa mwekundu kama bibo, wa baridi, unateleza, na ulikuwa ukidunda: juu ulijikunja kwanza, kisha chini, ukatulia, ukaanza tena.

"Bibi, bado yu hai!"

"Keshakufa zamani huyo, mjukuu wangu. Moyo ndio haujapata habari."

Nikakaa nao kizingitini mpaka ukanyamaza.

Mama alikuwa amekwenda kuwapikia watu wa gesi kambini. Mwezi mmoja tu, alisema. Mpunga ulikuwa umevunwa mara mbili tangu hapo, na majirani walishaacha kuuliza atarudi lini. Jioni ile bibi akapakua wali sahani tatu, kama kila siku, ya tatu akaifunika kwa kawa. Nikautazama mkono wake juu ya ile kawa.