Usawa wa Kushuka Shimoni

Majina yao sitayaandika. Undugu na vyeo nitaviandika, ili wakisoma wajijue.

Kule Kishushe, kwenye shimo la kikundi chetu cha kuchimba vito, mwanamke alikuwa hashuki. Hiyo ilikuwa sheria ya wanaume: mwanamke akiingia, hasa akiwa kwenye siku zake, jiwe linakimbia. Wao walipiga mtaimbo chini, sisi tulikaa juu na chekeche, tukichekecha kifusi walichotupa. Miaka kumi na kitu nimekaa kwenye kile kifusi, jua linanichoma mgongo. Na mara nyingi jiwe la kijani lilipatikana hapo kwenye uchafu. Mwanamume anataka avunje apite. Sisi tulikuwa na jicho na subira. Kama kuna tofauti ya kuheshimiwa baina ya mke na mume, mimi moja naijua, hiyo ya jicho na subira, nimeikalia mpaka nikaota sugu. Lakini mkutanoni hakuna aliyewahi kuitaja. Tukiokota jiwe wanasema, "Akina mama wana bahati."

Halafu mwenyekiti akaenda semina Voi. Mwenyekiti ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Siku mbili tu, akarudi na faili na neno moja mdomoni, usawa, akilitafuna kama chingamu. Mwezi mzima hakuna kilichobadilika. Maji tuliteka sisi, ugali wao tulisonga sisi, na kwenye kamati hakukuwa na sketi hata moja.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Magogo ya tangu zamani yaliyoshikilia ukuta wa shimo yakamalizikia kuoza, yakaota uyoga. Wanaume wakashinda siku tatu juu wakicheza drafti. Mzee fundi, yule aliyejenga lile shimo, alimwambia shemeji nikisikia kwa masikio yangu: "Magogo yamekwisha hayo. Mimi sishuki." Na shemeji hakushuka.

Siku ya nne akaja kusimama pale kwenye kifusi.

"Akina mama, mambo yamebadilika. Usawa umefika mpaka Kishushe. Leo mnashuka."

"Na lile jiwe la kukimbia?" nikamuuliza.

"Hizo ni mila za zamani, shemeji. Ama wewe unapinga maendeleo?"

Mmoja kwenye drafti akadakia bila kuinua kichwa, "Mwache huyo, anataka usawa wa kula."

Wakacheka. Mzee fundi naye akacheka, na alikuwa anajua.

Nilishuka wa kwanza. Tulikuwa tumeambiwa asiyeshuka anafutwa kwenye kikundi. Lakini nisidanganye, hata mimi nilitaka. Miaka yote hiyo nilitamani kuona kuko vipi huko chini. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi, kwamba walijua tunatamani, wakangoja mpaka pawe pabaya.

Sikufika mbali. Gogo lililia, kisha ukuta ukanijia, ukanifukia mpaka kiunoni. Aliyenitoa ni mwenzangu wa chekeche, alishuka na karai na mikono yake. Wanaume walisimama mdomoni mwa shimo wakitoa maagizo. "Mvute hivi! Usimvute hivyo!" Kishushe gari ni la kubahatisha. Nikapakiwa kwenye lori la ng'ombe la ranchi, nikalazwa juu ya mavi mabichi mpaka hospitali Voi. Nyonga haikurudi sawa. Natembea na fimbo.

Niliporudi nikaitwa mkutanoni, darasa la shule ya msingi, tumebanana kwenye madawati ya watoto. Nilitaka kitu kimoja tu: kitabu cha kikundi kiandikwe kwamba shimo liliporomoka kwa sababu magogo yalikuwa yameoza.

Shemeji akasimama. Neno la semina alikuwa amelimeza. Sasa alisema shimo limekasirika kwa sababu wanawake waliingia, mila si mchezo, na Mungu mwenyewe alituumba tofauti. Akina mama watoe mbuzi wa kutakasa shimo, kisha warudi kwenye chekeche, mahali pao pa heshima.

Jumatatu sisi ni sawa, tushuke tufe. Ijumaa sisi ni tofauti, tulete mbuzi. Na mdomo ni ule ule.

"Mzee," nikamgeukia fundi, "yale magogo yalikuwa yameoza ama hayakuwa yameoza?"

Akatazama kofia yake mkononi. "Mama, mambo ya shimo ni mengi."

"Naomba moja tu."

"Shemeji, usituchafulie mkutano," mwenyekiti akasema, na katibu akaandika: sababu ni za kimila. Kitabu kikapitishwa kila mtu atie sahihi. Kilipofika kwangu nikakisukuma mbele bila kugusa kalamu.

Mwenzangu wa chekeche, yule aliyenifukua, alikuwa ameshatia yake. Tukitoka nikamwuliza kwa nini.

"Dada, kesho nisipokaa kwenye kifusi nitakaa wapi?"

Sikumlaumu, na simlaumu mpaka leo. Alinishika mkono tukashuka ngazi za shule, akaniacha njia panda, akaenda kuwakusanya wenzake watafute mbuzi.

Mimi sikutoa cha mbuzi. Magogo yalikuwa yameoza. Shemeji alijua, fundi alijua.