Ng'ombe wa Miti Saba

Mti ukiwa umesimama, mwenye nao anauogopa. Anakuita kwa heshima, anakupa kiti, anakuonyesha tawi lililolalia bati lake jipya na kukuambia, "Fundi, hapa pesa siyo tatizo." Mti ukishalala chini, hata kuku wanaupanda, na mwenye nao anaanza kushangaa kwamba kijiti kile ndicho ulichotaka kumfilisi nacho. Nimekata miti Bariadi na vijiji vyake kwa miaka mingi, na sijaona mti ambao haukusinyaa ulipoanguka.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia na malori na pesa taslimu, na kila aliyeuza vizuri alitaka nyumba ya bati. Nyumba ya bati na mti mkubwa havikai pamoja, kwa hiyo mimi na mwenzangu, wenye msumeno wa watu wawili, mashoka na kamba ya katani, hatukukosa kazi. Malipo ndiyo yalikuwa huria. Mwenye duka mmoja alikataa kunilipa kwa sababu kisiki kilibaki. Alisema aliniita kuondoa mti, na kisiki ni mti. Fundi cherehani alinilipa suruali iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mchungaji mmoja, niliyemshushia mwarobaini tawi kwa tawi bila kugusa paa la kanisa, alinishika mkono akaniambia Mungu atanilipa. Nikamuuliza kama Mungu ameacha advansi kwake. Akaniombea palepale, kwa sauti kubwa, niondolewe roho ya tamaa.

Ningeyacheka yote haya na kuendelea na maisha kama si ng'ombe mmoja. Nilikuwa nimeoa kwa mahari ya ng'ombe kumi na mmoja, nikapeleka kumi. Baba mkwe, mtu wa Mwamapalala, alinivumilia mpaka mke wangu akajifungua. Kisha mke akaenda kwao kumwona mama yake aliyekuwa anaumwa, mtoto mgongoni, na baba mkwe akatuma ujumbe kwamba mama amepona, lakini binti harudi mpaka ng'ombe wa kumi na mmoja afike. Sikumlaumu. Nilimtukana tu, njiani, nikiwa peke yangu. Nyumba ilipoa, ugali wangu ulikuwa mbichi kila siku, na nilimkumbuka mtoto mpaka ikawa namgeuzia mwenzangu mgongo asione macho yangu.

Ndipo ikaja kazi ya Nkoma. Mzee mmoja mwenye pamba nyingi na zizi lililojaa alitaka lori la mnunuzi lifike mpaka kwenye ghala lake. Miti saba ilikuwa imeziba njia, yote mikubwa, miwili ikiwa imeiegemea nyumba. Nikamwambia sitaki pesa, nataka ng'ombe jike mmoja. Tukashikana mikono. Mwenzangu nilimwambia nitamlipa fungu lake kidogokidogo. Akanitukana kidogo, maana ni rafiki, akakubali.

Tulifanya kazi wiki tatu. Miti ilipolala, mzee akaizungukia mmoja mmoja, mikono nyuma.

"Ng'wanone, mwanangu," akaniambia, "hii saba umeipata wapi? Mimi naona minne. Hivi vingine ni vichaka."

"Baba, juzi wewe mwenyewe ulikuwa unaviita miti."

"Juzi ilikuwa juzi. Siku hizi ni soko huria, bei inapanda, bei inashuka. Chukua mbuzi wawili."

Kwetu mtu hadai kwa kupiga kelele. Anadai kwa kukaa. Unafika asubuhi, unamsalimia mwenye mji mwangaluka, unapewa kigoda, na deni hulitaji. Yeye naye halitaji. Mnaongea habari za mvua. Lakini mgeni akikaa lazima ale, na sisi tulikuwa watu wa msumeno. Siku ya kwanza tulikula wakatucheka. Siku ya pili tulimaliza maziwa ya mgando ya mji mzima. Siku ya tatu mke mkubwa alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia mumewe mbele yetu kwamba hawa vijana watammaliza huyo ng'ombe wakiwa wamekaa hapahapa, heri waende wakammalizie kwao.

Mzee akanipeleka zizini. "Chagua," akasema, uso kama wa mtu aliyeng'olewa jino. Nikachagua wa kahawia, mwenye baka jeupe kwenye paji, pembe ya kushoto imeinama chini.

"Huyo?" akauliza.

"Huyohuyo."

Akakohoa, akafikiri, halafu uso ukamkunjuka ghafla. "Haya, chukua," akasema, na hata kamba akanipa bure. Nilidhani Mungu wa yule mchungaji ameanza kulipa.

Hapo nilifanya kosa ambalo hata mtoto wa Kisukuma anayechunga ndama halifanyi. Huku kwetu kila ng'ombe aliye zizini si lazima awe wa mwenye zizi. Wengine wamewekwa pale na wenyewe watunzwe, mtunzaji anywe maziwa, na mara nyingi wamewekwa mbali ili ndugu wasijue idadi yao. Ukipewa ng'ombe, unauliza kwanza: huyu ni wako, au umewekewa? Mimi sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya mke wangu.

Tulimswaga mpaka Mwamapalala. Baba mkwe alikuwa ameketi na wazee wa ukoo, katikati yao kaka yake mkubwa. Ndugu hao wawili hawakuwa wanaaminiana. Baba yao alipofariki waligawana ng'ombe, na baba mkwe aliapa mbele ya ukoo wote kwamba walio zizini ndio wote, hakuna mwingine popote. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Mtoto alikuwa amekua, na hakunitambua. Nikasalimu kwa heshima zote, nikaanza hotuba niliyoitunga njia nzima.

Sikuimaliza. Ng'ombe aliivuta kamba ikanichomoka mkononi, akapita katikati ya wazee bila hodi, akaingia zizini, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya mbali, akajikuna ubavu kwenye nguzo, akalala.

Mke wangu akaziba mdomo kwa kanga. Wazee wote wakageuza shingo.

"Ng'ombe huyu," akasema kaka mkubwa taratibu, "ni kama anapajua hapa."

Uso wa baba mkwe ulisawijika. Akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akamtazama kaka yake. Nilijua atamkataa kwa sababu ya ile pembe. Nilijiona nikirudi Bariadi na kamba tupu.

"Ng'ombe wa Nkoma," akasema hatimaye, "wana akili sana."

Mimi sikuwa nimesema nimemtoa wapi. Hotuba haikuwa imefika Nkoma. Kaka mkubwa alifungua mdomo, lakini baba mkwe alishasimama, akatangaza kwamba mahari imekamilika, mkwe wake ni mwanamume, na binti afungashiwe vitu vyake upesi kabla jua halijawa kali. Saa hizo jua lilikuwa utosini.

Alitusindikiza mpaka njia panda, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

"Yule mzee alikupa ng'ombe kwa kazi gani?" akauliza, kana kwamba ni mazungumzo tu.

"Kukata miti, baba."

"Mingapi?"

"Saba."

Akapiga hesabu, midomo ikicheza. "Saba tu? Ng'ombe kama yule ni wa miti kumi. Wiki ijayo njoo, nina mitatu hapa nyuma ya nyumba." Akageuka akaondoka. Nilienda nikaikata, na ndiyo kazi pekee maishani mwangu ambayo sikuigombania malipo.

Tulipobaki sisi na mtoto, na mwenzangu ametangulia mbele, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

"Yule nimemchunga mimi tangu ni ndama," akasema. "Baba alimpeleka Nkoma hata matanga ya babu hayajaisha."

"Ulimtambua alipolala pale kwenye kona?"

"Nilimtambua mkiwa bado mko mbali kwenye mashamba ya pamba. Ile pembe nani wa nyumba yetu asiyeijua?"

"Sasa kwa nini hukumtumia baba yako neno mapema? Angeaibika mbele ya ukoo. Ni baba yako."

Akaacha kucheka. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akakaza kanga, akasimama.

"Miezi minne nimekaa mlangoni naangalia ile njia," akasema. "Ungekuja hata na ng'ombe wa mkuu wa wilaya, ningenyamaza."